Robo Sauti Iliyopotea na Wanaojiundia Ala za Umeme Nyumbani

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa taarabu katika mwambao wetu wamekuwa wakilizungumza vibarazani kwa muda mrefu, nalo ni kwamba kinanda cha umeme, pamoja na sauti zake zote mia na zaidi, hakijui kuimba Rasti. Kitaiga fidla, kitaiga nai, kitaiga hata udi mpaka asiyejua adanganyike. Lakini ifikapo ile sauti ya tatu ya Rasti, ambayo haiko juu wala haiko chini bali iko katikati, mpigaji hana budi kuchagua kimoja kati ya vitufe viwili vilivyopo, na chochote atakachochagua si chenyewe. Wazee waliolelewa na santuri za Kairo hukunja nyuso. Vijana, ambao sauti hiyo hawakuilelewa, hawaoni kilichopungua.

Sababu yake si fumbo. Kinanda cha Kizungu hugawa oktava katika nusu sauti 12 zilizo sawasawa. Muziki wa Kiarabu, ambao ni mmoja wa wazazi wa taarabu yetu, hutumia pia sauti zilizo kati ya hizo, na kwa urahisi twaziita robo sauti. Mpiga udi hasumbuki nazo, kwani shingo ya udi ni nyororo, haina vigawanyo. Kidole hukaa pale sikio linapotaka. Katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Kairo mwaka 1932, mabingwa wa Mashariki na wa Ulaya walibishana sana juu ya piano: wako walioleta piano zilizoundwa makusudi ziwe na robo sauti, na wako waliohofia kwamba piano, ya namna yoyote iwayo, itaziharibu maqamu. Hoja hiyo haijesha hadi leo.

Tangu miaka ya 1990, vikundi vingi vya taarabu ya kisasa vya Unguja na Dar es Salaam vimeweka kando fidla na kanuni vikaegemea vinanda vya umeme. Na kwa sikio langu, tangu hapo nyimbo zimezidi kumiminika katika Nahawandi na Hijazi, maqamu ambazo vitufe vyaweza kuzitamka, huku Rasti na Bayati zikizidi kuwa adimu. Mwenye sikio jingine na aseme. Mimi nashuku kwamba ala ndiyo inayotuchagulia maqamu, wala si sisi tunaoichagulia ala.

Wenye viwanda nao hawakulala. Kampuni za Japani zimetoa vinanda vilivyokusudiwa soko la Waarabu, vyenye vitufe vidogo vya kuishusha noti unayoitaka kwa robo. Ni msaada, sikatai. Lakini robo hiyo ni robo ya hesabu, ilhali robo ya wapigaji si moja: Mturuki huipandisha kidogo ile sauti ya tatu ya Rasti, Mmisri huishusha, na fundi mmoja huyohuyo huikaza wimbo unapopanda na kuilegeza unaposhuka. Kitufe chajua ndiyo na siyo tu. Ukitaka kukirekebisha yakubidi usimame katikati ya wimbo, uingie katika orodha ya kioo na kubonyeza namba, kama anayetoa pesa kwa simu.

Basi wako watu, wengi wao vijana, walioamua kwamba dawa ya jambo hili si kununua kinanda kingine bali ni kujiundia nyumbani kile kitu ambacho mkono hukigusa. Kitu hicho wenyewe hukiita kontrola, na kwa kuwa neno hili litakuwa geni kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu, hebu tulieleze.

Katika udi, gambusi au fidla, mahali pa kugusa na mahali panapotoka sauti ni mwili mmoja. Uzi ndio unaoguswa na uzi ndio unaolia. Umeme ulipoingia, vitu hivi viwili vikaachana. Mwaka 1920 Mrusi mmoja, Leon Theremin, aliunda ala inayochezwa bila kuguswa: mkono mmoja hukaribia fimbo ya chuma na sauti ikapanda, mkono wa pili hukaribia kitanzi na sauti ikafifia. Hapo ndipo watu walipoona kwamba maadamu sauti inatoka katika mashine, mkono waweza kufanya lolote. Kinachotakiwa ni mtu wa kupeleka habari za mkono kwa mashine. Kontrola ni huyo mpeleka habari. Yenyewe ni bubu. Ukiipiga bila kuiunganisha na kompyuta au kinanda kingine, hutasikia ila mgongano wa kidole na plastiki.

Sisi tuliokwenda chuoni tukiwa wadogo twakumbuka jinsi mwalimu alivyotukazania makhraji: kwamba herufi haitoshi kuijua kwa jicho, sharti ujue inatokea wapi, kooni au kwenye ncha ya ulimi, kwani mahali inapotokea ndipo panapoipa umbo. Silinganishi kisomo na ala, hasha. Na mjadala wa masheikh juu ya ala simo ndani yake leo. Nasema tu kwamba fikira hii, ya kuwa mahali pa kutokea huamua sauti, si ngeni kwetu, nayo ndiyo shina la kazi ninayoieleza.

Kilichowawezesha watu wa kawaida kuunda kontrola ni mapatano ya mwaka 1983. Kabla yake, kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na kinanda cha kampuni moja hakikusikilizana na cha nyingine. Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi, aliyeanzisha kampuni ya Roland, wakaongoza wenzao mpaka ikapatikana lugha moja iitwayo MIDI. Lugha hii haipeleki sauti. Hupeleka namba. Mshairi ataipenda, kwani ina mizani kali: habari ya kawaida ina vipande vitatu tu. Kipande cha kwanza husema la kufanya, cha pili husema noti ipi, cha tatu husema kwa nguvu gani. Ukipeleka 144, 60, 100, umesema: anza kupiga, noti ya do ya katikati, kwa nguvu ya 100. Ukipeleka 128, 60, 0, umesema: acha. Noti na nguvu zote huhesabiwa kuanzia 0 hadi 127, wala hazizidi. Habari nzima hupita katika waya kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lugha hii imedumu zaidi ya miaka 40, na leo yumo ndani ya simu na kompyuta karibu zote.

Na kwa kuwa mashine inayopokea haiulizi namba zimetoka wapi, yawezekana zitoke popote. Mholanzi Michel Waisvisz aliliona hilo mapema. Alikuwa katika taasisi ya STEIM ya Amsterdam, iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya wanamuziki waliotaka ala za umeme zinazoguswa, na mwaka 1984, lugha ya MIDI ikiwa ndiyo kwanza ina mwaka mmoja, alipanda jukwaani akiwa amevaa mikononi ala aliyoiita Mikono. Zilikuwa fremu mbili, moja kila mkono, zenye vitufe chini ya vidole, na vihisi vilivyotambua mkono umeinama vipi. Kati ya mkono na mkono palikuwa na mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, yakipima umbali wake. Akitanua mikono, muziki ulibadilika. Akiikutanisha, ulibadilika tena. Aliyemtazama alimwona mtu akiikamua hewa kama mtu anayekamua nazi.

Lililonivutia zaidi kwa Waisvisz, aliyefariki mwaka 2008, si uhodari wa waya. Ni kwamba alishikilia ala ya umeme iwe na uzito, mpigaji atoke jasho, kwa sababu msikilizaji huamini sauti anapoiona imegharimu kitu. Tena kwa miaka mingi alijizuia kuibadilisha ala yake, ingawa teknolojia mpya ilikuwa ikitoka kila siku, ili apate muda wa kujifunza kuipiga. Wangapi kati yetu hununua simu mpya kabla hatujaijua ile ya kwanza?

Yuko pia bibi mmoja mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia California, Laetitia Sonami. Mwaka 1991 alichukua glavu za mpira za kuoshea vyombo, zile za jikoni, akabandika kwenye ncha za vidole vya mkono mmoja vihisi vinavyotambua sumaku, na sumaku yenyewe akaiweka mkono wa pili. Kidole kilipoikaribia sumaku, namba ikapanda, kilipoondoka, ikashuka. Baadaye glavu ilishonwa upya kwa kitambaa kizuri, vihisi vikaongezwa, naye akazunguka nayo dunia kwa miaka mingi. Lakini mwanzo wake ulikuwa jikoni, na nalitaja hili kwa sababu wengi wakisikia ala za umeme hudhani lazima pawe na maabara.

Hapa mtu wa Mombasa atauliza yanamhusu nini mambo ya Amsterdam na California. Yanamhusu, na ushahidi umo katika taarabu yake mwenyewe. Taishokoto, ile ala ya nyuzi inayobonyezwa vitufe ambayo mlio wake ndio uliyoipa taarabu ya Mombasa ladha yake ya pekee, iliundwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Goro Morita, aliyechukua fikira ya vitufe vyake kutoka kwa taipureta. Huko India ikapata jina la bulbul tarang. Ilipofika kwetu wapigaji hawakuiacha kama ilivyokuja. Waliitia umeme, wakaipitisha katika spika, mpaka ikalia kwa ukali ule unaopasua kelele za arusi. Na kabla ya hapo, Lamu walichonga kibangala kwa gogo moja na kukiwamba ngozi. Hata neno lenyewe kinanda, ambalo sasa twalitumia kwa ala ya Kizungu yenye vitufe vyeupe na vyeusi, zamani lilikuwa la ala za nyuzi. Kuunda na kuundua ala ni desturi ya hapa.

Mwana wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu na redio, amekuwa akiunda kontrola chumbani mwake kwa muda wa mwaka sasa. Nilikwenda kumtazama akiwa kazini. Juu ya meza palikuwa na pasi ya kulehemu, koili ya risasi, mikebe ya vipuri alivyovikwanyua katika redio mbovu, na kasha la mbao lililokuwa la tende. Katikati ya vyote ilikuwapo bodi ndogo ya buluu, pana kama kiberiti viwili vilivyolazwa. Bodi hizi zilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, chini ya jina la Arduino, zikakusudiwa wanafunzi wa usanii wasiojua uhandisi, na leo za namna hiyo huuzwa Luthuli Avenue mjini Nairobi. Ndani yake mna kompyuta kamili, ila ni ndogo, na kazi yake ni kusoma kinachotendeka kwenye miguu yake na kukigeuza kuwa namba.

Kitu rahisi kuliko vyote ni swichi. Ukiibonyeza, waya mbili hugusana, bodi ikatambua, ikapeleka noti. Lakini hata hapo pana mtego, na mpwa wangu alinionyesha. Vyuma vya swichi vinapogongana havitulii mara moja. Hutetema kwa muda wa chembe za sekunde, na bodi, ambayo ni nyepesi kuliko jicho, huhesabu kila mtetemo kuwa ni mbonyezo mpya. Kidole kimepiga mara moja, noti zimelia tatu. Dawa ni kuiamuru bodi, kwa maandishi ya programu, isubiri kidogo kabla ya kuamini. Kadhalika waya ulioachwa bila kufungwa popote hausomi sifuri kama mtu angetarajia, bali huokota umeme uliozagaa hewani na kuleta namba za kichaa. Sharti ufungwe kwa rezista upate pa kutulia.

Kisha kuna kile kidude cha kuzungusha, kama cha kuongezea sauti katika redio. Bodi hukisoma kwa hatua 1,024, na kwa kuwa lugha ya MIDI inataka 128 tu, husomwa na kugawanywa kwa nane. Kipo kisahani chembamba cha shaba kinachopatikana ndani ya saa za kengele: ukikigonga hutoa umeme kidogo, na ukigonga kwa nguvu hutoa zaidi, kwa hiyo chafaa kupimia pigo la ngoma. Kipo kijicho kinachohisi mwanga. Hivi vyote ni vitu vya bei ya chini. Na maadamu bodi inakula umeme wa volti tano kutoka kwa kompyuta, hakuna hatari ya kurushwa. Anayetaka kufungua mashine inayochomekwa ukutani, hilo ni jambo jingine, na amtafute fundi.

Nilimuuliza mbona asinunue kinanda kilicho tayari.

"Mjomba," akaniambia, "kile cha dukani kimekwisha amuliwa."

"Na hiki chako?"

"Hiki bado. Kidole kisipofika, nakata ubao upya."

"Na Rasti, mwanangu, itatoka?"

Akacheka, akanivutia kiti.

Jibu lake naliandika hapa kwa maneno yangu. Ndani ya lugha ya MIDI, mbali na noti 128, mna habari nyingine ya kuipinda noti ikiwa inalia. Hii haihesabiwi kwa hatua 128 bali kwa 16,384, na katikati yake, pale noti ilipo sawa, ni 8,192. Vinanda vingi huwa vimepangwa mpindo wake wote ufikie nusu sauti mbili kila upande. Basi hatua 8,192 ni nusu sauti mbili, na robo sauti ni hatua 2,048. Ukitaka kuishusha mi ya Rasti kwa robo, unapeleka 6,144. Na ukitaka kuipandisha kama Mturuki au kuishusha kama Mmisri, unaongeza au kupunguza hatua chache, maana zipo tele. Robo iliyokuwa haina mahali katika vitufe inazo hatua maelfu mawili za kuzunguka ndani yake.

Iko kasoro. Mpindo huu huikamata njia nzima, kwa hiyo noti zote zinazolia pamoja hupindika pamoja. Kwa udi au nai, ambazo huimba sauti moja moja, haidhuru. Kwa mwenye kupiga noti kadhaa kwa wakati mmoja ni balaa, na ndiyo sababu mwaka 2018 wenye lugha hiyo walipitisha utaratibu mpya unaoipa kila noti njia yake. Mpwa wangu hakujishughulisha nao. Yeye anataka udi.

Kwa hiyo ameacha vitufe. Amepasuliwa na seremala kipande cha mkangazi, akabandika juu yake utepe mwembamba wa plastiki wenye tabaka mbili, urefu wa nusu mita, unaotambua kidole kimegusa wapi. Fikira si mpya: Mjerumani Friedrich Trautwein mwaka 1930 aliunda Trautonium, ambayo ilichezwa kwa kukandamiza waya juu ya chuma. Mpwa wangu ametandaza oktava mbili katika utepe wake, kwa hiyo nusu sauti moja ina upana wa sentimita mbili, na robo ni sentimita moja, upana wa ncha ya kidole cha mtoto. Hakuna alama yoyote juu yake. Nilipomwambia aweke japo nukta pale do ilipo, alikataa. Alisema jicho likipata nukta sikio litalala.

Nami nilikubaliana naye, ila ninaongeza la kwangu. Vijana wengi wanaounda vitu hivi hulewa wingi. Bodi ina miguu mingi, vihisi ni rahisi, basi hujaza: taa, vidude vya kuzungusha, vitufe 40, mpaka ala inafanana na dashibodi ya ndege. Kisha inapigwa mara mbili tatu na kuwekwa kabatini, na muundaji ameshaanza nyingine. Udi una nyuzi chache na ubao mmoja, na mtu huupiga miaka 30 bila kuumaliza. Anayeunda kontrola na aanze kwa kujiuliza anataka mkono ufanye tendo gani moja, kisha alifuate hilo mpaka mwisho.

Utepe wenyewe nao una utundu wake. Kidole kikitulia, namba hazitulii. Hucheza 512, 513, 512, na sauti ikawa na kitetemeshi ambacho hakuna aliyekiomba. Imebidi programu ichukue wastani wa masomo kadhaa. Lakini wastani ukiwa wa masomo mengi mno, sauti huchelewa nyuma ya kidole, na mpigaji huhisi anavuta kamba iliyolowa maji. Kati ya kutetema na kuchelewa pana mahali finyu, na alitumia juma zima kupatafuta, akipiga istikhbari moja ileile mpaka mamake akamwomba amhurumie.

Niliusikia utepe huo ukipigwa. Mi ya Rasti ilitoka. Ilitoka katika sauti ya nai ya kompyuta, ambayo si nai, lakini ilikaa pale inapokaa, na kidole kilipoisogeza kwa upana wa unywele, nayo ikasogea.

Kilichobaki sasa ni risha. Kidole cha kushoto kina utepe, ila mkono wa kulia bado unabonyeza swichi, na swichi haijui pigo la juu na pigo la chini. Amekibandika kile kisahani cha shaba chini ya kipande cha pembe ili apige kwa risha ya kweli, na nguvu ya pigo inasomeka vizuri. Tatizo ni kwamba ubao ni mmoja, na kila kidole cha kushoto kinapotua kwa kishindo, kisahani hudhani ni risha na noti ikalia yenyewe. Alipokuwa akinisindikiza mlangoni alikuwa akifikiria kukata ubao vipande viwili na kutia mpira wa kandambili katikati.